Chura wa Kandambili

Arvella Moseley hakuwahi kununua chura. Vitu vingine alinunua bila uchungu wowote: kofia za kanisani, mapazia, hata jiko jipya wakati lile la zamani lilikuwa likiwaka vizuri tu. Lakini chura wa bandia wa kuvulia besi, aliyepangwa dukani kwa Tidmore ndani ya kiboksi cha plastiki, kachorwa macho na madoadoa, huyo alimtazama kama mpishi anayeonyeshwa mchuzi wa kopo. Alikuwa akisema kwamba chura akishakuwa mzuri kuliko samaki, basi aliyenaswa ni mnunuzi.

Kwenye hori la Hambrick, kaskazini mwa Alabama, majira ya joto maji hujifunika mayungiyungi na magugu mpaka mgeni akadhani anaweza kutembea juu yake. Besi, samaki mwenye mdomo mpana kuliko adabu zake, hujibanza chini ya majani hayo akivizia kinachopita juu. Chambo cha kuzama hapo ni kujitafutia matatizo, kitanasa kwenye mashina kabla hujapepesa macho. Kinachofaa ni chura anayeelea, mwenye ndoana mbili zilizolala mgongoni zikitazama juu, unayemburuta juu ya majani, ukamtuliza, ukamburuta tena. Halafu maji yanapasuka. Watu wazima wenye wajukuu hupiga mayowe kwa ajili ya mpasuko huo, na Arvella alikuwa mmoja wao.

Vyura wake aliwatengeneza mwenyewe wakati wa baridi, kwenye meza ya jikoni. Mwili aliuchonga kwa wembe kutoka soli ya kandambili kuukuu. Miguu ilikuwa nyuzi za mpira, zile zinazobana mdomo wa soksi. Nyuzi hizo alikuwa nazo gunia zima, maana alifanya kazi kwenye kiwanda cha soksi tangu usichana wake hadi siku kilipofungwa, na siku ile kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba. Wengine walibeba viti, wengine taa. Arvella alibeba nyuzi, na wote walimcheka. Chura wake alikuwa wa msimu mmoja tu. Ikifika Septemba, meno ya samaki yalikuwa yamemtafuna hadi hakuna cha kushika, basi akamtupa, na baridi ikirudi akachonga wengine.

Mwenzake wa botini alikuwa Dessie Crowder. Walikaa benchi moja kiwandani wakishona ncha za soksi, wakazika waume zao mwaka mmoja, na tangu hapo waliketi kwenye boti moja ya bati, Arvella mbele, Dessie nyuma penye mota. Dessie alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuinua kwaya nzima, na alikuwa mtu wa kununua. Kila masika alitoka dukani kwa Tidmore na vyura wapya, maana kwake yeye kipya kilikuwa kinyemi hata kingekuwa kidonda.

"Hebu mtazame huyu," alikuwa akisema, akimtoa kwenye kiboksi chake. "Ana tumbo jeupe. Ana macho. Ana hata vidole. Wako ana nini?"

"Wangu ana kazi ya kufanya."

"Wako ananuka miguu ya watu."

"Besi hajalalamika."

"Besi ana heshima, shoga. Analalamikia nyumbani kwake."

Ukweli, ambao hata mmoja wao hakuukiri hadharani, ni kwamba kila chura alikuwa na yake. Yule wa duka alikuwa mzito wa kutosha kurushwa mbali, hata upepo ukimpinga, na aliteleza juu ya magugu bila kunasa. Lakini ndani alikuwa mtupu, akinywa maji kila mara, na kila baada ya mrusho Dessie ilimbidi amkamue kama limau, maji yakamrukia mapajani. Tena ngozi yake ilikuwa ngumu na ndoana zake nene, ili zimudu samaki mkubwa ndani ya magugu, na ndoana nene haziingii kwa kubembelezwa. Ilitakiwa mtu avute kwa mwili mzima kama anayeng'oa muhogo. Yule wa Arvella alikuwa mwepesi mno, upepo ukimrudisha usoni kwako. Lakini alikuwa laini. Besi akimng'ata, meno yalizama kwenye sponji naye akaendelea kumshika, akidhani amepata nyama. Ndoana nyembamba zilitosha.

Basi kwa nini Arvella hakuwa akimshinda Dessie kila siku? Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa mtamu.

Kuna sheria moja ya kuvua kwa chura, inayojulikana na kila mtu wa hori na kuvunjwa na karibu kila mtu: maji yakipasuka, usivute. Subiri kwanza. Samaki anapiga, anageuka, anafunga mdomo, anazama naye. Ukishausikia uzito wake kwenye mshipi, hapo sasa vuta. Wahenga wametuachia methali za kumfaa kila mmoja, na kama Dessie alikuwa wa haraka haraka haina baraka, basi Arvella alikuwa wa ngoja ngoja huumiza matumbo. Maji yalikuwa hayajamaliza kupasuka, yeye keshavuta. Chura alichomoka mdomoni mwa samaki na kurudi botini kwa kasi ya risasi. Siku moja alimpata Dessie katikati ya paji la uso.

"Ukiacha pupa," Dessie alimwambia akijipapasa, "ungewamaliza samaki wote wa hori hili ukatuletea njaa."

Ndivyo walivyoishi, wakitaniana. Kisha Januari moja, asubuhi, Arvella akiwa anachanganya unga wa mkate wa mahindi, bakuli lilimponyoka. Aliinama kuliokota na hakuinuka. Dessie ndiye aliyemkuta. Alikuwa amekuja tu kuazima sufuria ya kuchemshia sukuma, akabisha hodi, hakujibiwa, akaingia, akamwona shoga yake sakafuni kati ya unga, jicho moja likimtazama na jingine halitazami popote.

Kilikuwa kiharusi. Dessie aliita gari la wagonjwa, akapanda nalo, akabaki hospitalini akilala kwenye kiti. Alimsuka nywele Arvella alipoanza kukaa. Aliwalisha kuku wake. Alimsomea taarifa za kanisa, pamoja na umbea ambao haukuandikwa humo. Hatimaye Arvella alitoka na uhai wake, akili yake na ulimi wake, hasa ulimi, kama manesi walivyoweza kushuhudia. Asichotoka nacho ni mkono wa kulia. Mkono ulikuwepo, na bega lilikuwa na nguvu yake ile ile, ila vidole havikukaza, na amri ilifika upande wote huo imechelewa. Aliuambia ushike kikombe, nao ukawaza kwanza.

Watu walimletea vyakula mpaka jokofu likakataa kufungwa. Arvella alishukuru sana moyoni. Lakini yeye alikuwa amezoea upande wa kutoa, na neno la asante lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Aliyemletea bakuli aliambiwa tu, "Haya, weka hapo." Dessie, aliyefanya mengi kuliko wote, hakuambiwa hata haya. Jambo hilo lilimuuma Arvella usiku na mchana, naye alilinyamazia, maana kadiri siku zilivyopita ndivyo deni hilo la neno moja lilivyozidi kuwa zito kutamkika.

Masika yalipofika, mezani hapakuwa na vyura. Ule wa kulia ndio uliokuwa mkono wa wembe. Binti yake, Charmaine, anayeishi Birmingham na mumewe kwenye nyumba ya ghorofa, alimtumia boksi la vyura kutoka duka kubwa la mjini, wazuri kuliko wote aliowahi kuwa nao Tidmore. Arvella aliwatazama. Hakusema kitu kuhusu mnunuzi.

Siku maji yalipopata joto, Dessie alimsaidia kuingia botini na wakaenda na vyura wa Charmaine. Arvella alishika ufito kwa mkono wa kushoto na kujaribu kuzungusha kigurudumu cha kukunjia mshipi kwa ule wa kulia, na vidole vikateleza kwenye kishikio kana kwamba kimepakwa mafuta. Kila samaki alipopiga, ule wa kushoto ulivuta papo hapo, pupa yote ikiwa palepale, nguvu ndiyo haipo. Zile ndoana nene hazikumkwaruza mtu. Besi mmoja alimshika chura, akamwonja, akamtema taratibu mbele ya macho yao, tena akabaki pale pale kidogo.

"Huyo ana dharau," Dessie alisema.

Arvella hakucheka. Alipofika nyumbani aliketi barazani na koti lake la mvua bado mwilini, akampigia simu Quincy, mtoto wa kaka yake, aje Jumamosi na trela achukue boti. Kisha akampigia Charmaine. Charmaine alifurahi, akajitahidi isisikike.

"Mama, mimi sikulazimishi. Chumba kipo, kina zulia, kina dirisha la kutazama barabara. Ila niambie kweli, ukiacha kuvua, huko kuna nini kinachokubakiza?"

Arvella alihesabu vilivyobaki. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Kuku wangeweza kuchukuliwa na yeyote. Kama hakuweza kumtoa majini samaki mmoja kwa mkono wake mwenyewe, basi hori lilikuwa maji tu, na maji hata Birmingham yapo, bombani. Boti ikishaondoka, na yeye ataondoka. Alimwambia binti yake aandae chumba.

Alipomweleza Dessie, Dessie alichukua mkoba wake akaenda zake. Siku iliyofuata hakuja. Iliyofuata hakuja pia, na simu hakupokea. Arvella aliwaambia kuku kwamba watu ndivyo walivyo, ukishakuwa mzigo wanakutua. Kuku hawakumpinga.

Ijumaa mchana Dessie aliingia bila hodi, vidole vimefungwa plasta karibu vyote, ameshika kopo la siagi. Aliliweka mezani na kulifungua.

"Nini hiki?" Arvella aliuliza.

"Chura."

"Nani kamuua?"

"Arvella, nimejikata mpaka nimeona nyota kwa ajili ya huyu mnyama. Usinianze."

Chura alikuwa wa rangi ya zambarau, kwa sababu kandambili za Dessie zilikuwa za zambarau. Upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Miguu ya nyuzi ilitoka kila mahali, kama nywele za mtu aliyeamshwa na moto. Lakini ndoana zilikuwa nyembamba na kali, na zimelala mgongoni vizuri, na yule aliyezilaza alikuwa amefanya kazi hiyo mara nyingi kabla ya kuipatia.

"Hizi ndoana umetoa wapi?"

"Kwa Tidmore. Kanicheka mpaka kakohoa. Miaka yote hii namnunulia vyura wake, leo naingia kuomba ndoana nyembamba nikachonge wangu! Kamwita hata mkewe atoke nyuma aje kunitazama." Dessie alivuta kiti na kuketi kwa kishindo. "Nikawaza hivi. Wale wa duka wanataka nguvu ya kuvuta, nguvu huna. Wako wa kandambili hataki nguvu, lakini wewe huwezi kuchonga. Mimi naweza kuchonga?"

"Huwezi."

"Siwezi. Lakini nimechonga."

Arvella alimtoa chura kwenye kopo kwa mkono wa kushoto, akamgeuza. Kisha akasema wamjaribu majini. Waliziba sinki, lile la kuoshea sukuma, wakajaza maji, Dessie akamweka chura wake taratibu kwa mikono miwili kama anayebatiza mtoto. Chura alielea vizuri, akatikisika, akapinduka polepole, akalala chali na miguu juu.

"Kafa kweli," Arvella alisema.

Ndipo kicheko kilipomtoka. Kilianza tumboni na kumpanda hadi akashika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili, wa kulia nao ukishika uwezavyo. Hakuwa amecheka hivyo tangu Januari. Dessie alicheka naye, akacheka, halafu uso ukageuka na akawa analia, akijifuta na plasta zake.

"Uzito umeuweka wapi?" Arvella aliuliza baada ya kutulia.

"Kichwani. Si kichwa ndicho kizito?"

"Chako labda. Weka huku nyuma, chini ya tumbo, akae pua juu. Lete wembe. Hapa pamevimba, punguza. Kidogo, we Dessie, kidogo! Humchinji kuku."

Walikaa hapo mchana kutwa. Arvella aliona na kusema, Dessie alikata na kulalamika. Chai ya sukari na barafu ilisahauliwa mpaka barafu ikayeyuka yote. Walipofika kwenye miguu, Arvella alimwambia afupishe mmoja.

"Nimlemaze?"

"Fupisha. Anayekwenda sawasawa hamdanganyi mtu. Akiwa na mguu mmoja mfupi atayumba, ataonekana ana shida, na besi anapenda mwenye shida."

Dessie alifupisha. Kisha akaenda kwenye gari lake akarudi na ufito wa Arvella mwenyewe, ule aliouazima kimya kimya kutoka barazani siku alizotoweka. Kishikio cha kuzungushia alikuwa amekihamishia upande wa kushoto, na kitako cha ufito kakizungushia taulo nene ili kikae kwapani bila kuumiza.

"Urushe kwa mkono wa kushoto," alisema, "halafu uuchomeke huku kwapa la kulia, uubane. Bega si lina nguvu? Ukitaka kuvuta, geuza kiuno. Kiuno chako hakikupata kiharusi, nakiona kanisani."

Arvella alitaka kusema lile neno. Lilifika mpaka mdomoni. "Kesho uje mapema," alisema, "Quincy anakuja saa nne."

Jumamosi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji waliposukuma boti kutoka dikoni, mahali pa kuegeshea boti. Kabla Dessie hajawasha mota, Arvella aliweka sharti: Dessie asiguse mshipi. Boti ataiendesha apendavyo, maneno atasema apendavyo, maana hakuna wa kumzuia, lakini mshipi asiguse, hata samaki akitoroka, hata ufito ukivunjika. Asidanganywe kama mtoto. Dessie aliapa.

Mrusho wa kwanza ulikwenda kwenye tawi la mti. Wa pili ulianguka karibu na boti kiasi kwamba Dessie angeweza kumwokota chura kwa mkono. Chura mwepesi na mkono usio wake, kazi ipo. Lakini Arvella aliendelea kurusha, na polepole mkono wa kushoto ulijifunza, chura wa zambarau akaanza kutua alikotumwa, kwenye vijia vyeusi vya maji kati ya mayungiyungi. Aliyumba. Alijikokota juu ya jani, akachungulia, akadondoka upande wa pili. Arvella alimtazama akajisahau. Lilikuwa jambo baya mno kwa sura na zuri mno kwa mwendo, na alijua kila mkato uliofanywa na vidole vile vyenye plasta.

Jua lilipanda. Ukungu ukaondoka. Dessie alitazama saa yake akidhani haonekani.

Chura alipofika ukingoni mwa jani kubwa, maji yakapasuka.

"Vuta!" Dessie alipiga kelele, yeye mhubiri wa subira.

Arvella alivuta. Yaani akili yake ilivuta, kwa pupa ile ile ya maisha yake yote. Lakini amri ilikuwa bado njiani. Ilishuka shingoni, ikapita begani, ikakitafuta kiuno, na muda wote huo chura hakuwepo tena juu ya maji, na majani yalikuwa yametulia, na mshipi ulikuwa umeanza kwenda pembeni wenyewe bila kuambiwa na mtu. Samaki alikuwa amegeuka. Alikuwa amefunga mdomo juu ya sponji na kuzama nayo, bila wasiwasi, kwake. Hapo ndipo kiuno kilipogeuka, bega likafuata, na ufito ukapinda na kubaki umepinda.

Uzito. Kumbe hivi ndivyo unavyokuwa, Arvella aliwaza. Alikuwa ameusikia mara chache maishani, kwa bahati, na kila mara alidhani ni ustadi wake. Leo aliyesubiri ni ule upande mgonjwa, upande alioutukana tangu Januari kila asubuhi akifunga vifungo. Umechelewa, na kwa kuchelewa umefanya alichoshindwa kufanya yeye na haraka zake zote. Aliushukuru pale pale, kwa sauti, bila aibu.

"Asante," aliuambia mkono. "Asante, mzee. Sasa bana."

"Unaongea na nani?" Dessie alipiga kelele. "Zungusha!"

Alizungusha. Besi aliruka mara moja, kichwa kikitikisika, mdomo wazi kama bakuli, kisha akachimba chini na kujifunga kwenye magugu mpaka mshipi ukasimama kama umefungwa kwenye gogo. Dessie aliwasha mota. Alisogeza boti hatua kwa hatua juu ya magugu, halafu akakalia mikono yake ili isimsaliti. Arvella alibana kwapa hadi jasho likamtiririka ubavuni. Alizungusha kila mshipi ulipolegea, akaacha kila ulipokaza, na magugu yakaja, lundo zima la kijani, na ndani ya lundo jicho.

Aliinama nje ya boti. Mkono wa kushoto ulimshika samaki mdomo wa chini, kidole gumba ndani, lakini alikuwa mzito, na boti iliegemea, na kwa mkono mmoja hakupanda. Dessie alitoa sauti ndogo kooni na hakusogea. Basi Arvella akauita ule wa kulia. Aliusubiri. Ukaja kwa wakati wake, ukaingia chini ya tumbo la samaki, vidole havikukaza lakini mkono ulikuwa mkono, ukabeba. Besi akaja botini, akaanguka mapajani mwake, magugu na maji na yote. Chura wa zambarau alikuwa ndani kabisa ya mdomo, miguu tu ikionekana.

Arvella alimshukuru Mungu kwa jina. Alimshukuru kwa kiuno na kwa bega, kwa maji yaliyojifunika magugu, kwa kandambili. Machozi yalimshuka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Dessie naye alikuwa akilia kule nyuma kwa sauti ya kwaya, kiasi kwamba mvuvi mmoja wa ng'ambo aliuliza kama kuna mtu kafa maji.

Walipokaribia diko, pikapu ya Quincy ilikuwa imeshafika, trela limerudishwa hadi ukingoni, naye kasimama kando na kofia mkononi, kijana wa watu, akionekana kama aliyeitwa kubeba jeneza.

"Shangazi, shikamoo. Nimekuja na trela."

"Marahaba, mwanangu. Nimeliona." Arvella alibaki ameketi mbele ya boti, samaki mapajani. "Nimekusumbua bure. Boti siitoi. Chukua samaki, ukakaange na mkeo."

Quincy alimtazama samaki, akamtazama shangazi yake, akamtazama samaki tena. "Na dada Charmaine nimwambieje?"

"Mwambie nitakuja Krismasi. Zulia asilitoe."

Quincy alicheka na kukanyaga majini kumpokea samaki. Alimpima kwa mikono. "Huyu mkubwa. Kamtoa nani?"

"Shangazi yako!" Dessie alidakia kutoka nyuma, kabla mtu hajamaliza kufikiri. "Peke yake. Mimi mshipi sikuugusa, Mungu shahidi yangu. Sikugusa kabisa."

"Ni kweli, mshipi hakuugusa," Arvella alisema. Aligeuka kwenye kiti, kiuno kwanza, bega baadaye, mpaka akamwona Dessie uso kwa uso. "Vingine vyote kavigusa yeye. Sakafuni kaniokota yeye. Nywele kanisuka yeye. Mpaka huyu chura ni damu ya vidole vyake. Asante, Dessie. Nilipaswa kukwambia Januari, na nilikuwa nakwambia kila siku, moyoni tu. Asante sana, shoga yangu."

Dessie alitazama maji. Alikuna plasta ya kidole kimoja. Kisha akamgeukia Quincy, aliyekuwa amesimama hapo na samaki bila kosa lolote, akamfokea aondoe hilo trela lake njiani, hajui kuna watu wanataka kupita.